Je, Wajua? Green Bay Packers, timu isiyo na tajiri

Je, wajua kwamba kati ya timu 32 za ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, iko moja isiyo na bosi anayeimiliki? Nyingine zote ziko mikononi mwa mabilionea, familia zao au vikundi vidogo vya wawekezaji. Green Bay Packers ya jimbo la Wisconsin ni mali ya wenye hisa zaidi ya 530,000, wengi wao watu wa kawaida kabisa.

Tena mji wenyewe ni mdogo. Green Bay una wakazi wapatao 107,000, na uwanja wake, Lambeau Field, unaingiza watu 81,441. Katika ligi kubwa za kulipwa za Marekani, hakuna mji mdogo kuliko huo wenye timu.

Je, wajua timu hii ilianzia wapi? Katika ofisi za gazeti la Green Bay Press-Gazette, tarehe 11 Agosti 1919. Walioitisha kikao ni wawili: Curly Lambeau, kijana wa miaka 21, na George Calhoun, mwandishi wa michezo. Lambeau alikuwa karani katika kiwanda cha nyama za makopo cha Indian Packing Company. Akamwomba mwajiri wake fedha za jezi, akapewa dola 500, na timu ikabeba jina la kazi ya kiwanda hicho hadi leo.

Msimu ule wa kwanza walishinda michezo 10 na kupoteza mmoja. Uwanja haukuwa na uzio, kwa hiyo hapakuwa na kiingilio; Calhoun alikuwa akipita katikati ya watazamaji na kofia mkononi, kila mtu akitumbukiza alichojaliwa. Msimu ulipokwisha mapato yakagawanywa. Kila mchezaji alipata dola 16 na senti 75.

Je, wajua waliwahi kufukuzwa ligini? Walijiunga mwaka 1921, na mwaka huohuo wakachezesha wanafunzi wa chuo kikuu kwa majina ya bandia. Ligi ikawanyang'anya nafasi. Lambeau aliahidi kufuata sheria, akarudishiwa timu mwaka 1922.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niipende Packers kuliko timu yoyote ya mchezo huu. Mwaka 1923 timu ilikuwa hoi kifedha. Andrew Turnbull, meneja wa lile gazeti, aliwakusanya wafanyabiashara wa mji, na hisa zikauzwa kwa wananchi kwa dola 5 kila moja. Mwaka 1931 shabiki mmoja alianguka kutoka jukwaani akaumia, akashtaki, akashinda kesi. Kampuni ya bima iliyopaswa kumlipa nayo ikafilisika, na Packers ikawekwa chini ya mfilisi. Wananchi wakachanga tena: mwaka 1935 zikapatikana dola 15,000. Mwaka 1950 hali ikawa ngumu mara ya tatu, hisa zikauzwa tena, timu ikanusurika. Haba na haba hujaza kibaba. Miji mingine midogo iliyokuwa na timu enzi zile, kama Canton, Akron na Duluth, ilizipoteza zote.

Je, wajua mwenye hisa anapata nini? Hapati gawio. Haruhusiwi kuiuza hisa yake sokoni, na haimpi hata tiketi ya kuingia uwanjani. Katika mauzo ya mwaka 2021 hisa moja ilikuwa dola 300, na anachopata mnunuzi ni cheti, kura ya kuchagua wakurugenzi, na haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka. Hakuna anayeruhusiwa kuwa na hisa zaidi ya 200,000, ili asitokee mwenye fedha akaimeza timu. Mfanyabiashara ataiona hasara tupu. Kwangu mimi hiyo ni hisa yenye heshima kuliko zote michezoni.

Na kwa kuwa timu ni ya umma, hesabu zake hutangazwa kila mwaka. Anayetaka kujua NFL inazigawia timu kiasi gani, husoma vitabu vya Packers.

Je, wajua kombe la Super Bowl, fainali ya NFL, limepewa jina la kocha wao? Mwaka 1958 Packers walishinda mchezo mmoja tu kati ya 12. Mwaka uliofuata akaja Vince Lombardi. Hakuwahi kumaliza msimu akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi, na alitwaa ubingwa mara tano, zikiwemo Super Bowl mbili za mwanzo kabisa.

Mchezo wake unaosimuliwa zaidi ni ule wa tarehe 31 Desemba 1967 dhidi ya Dallas Cowboys. Baridi ilikuwa nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Mtambo wa kupasha joto nyasi ulishindwa, uwanja ukawa barafu. Kipyenga cha mwamuzi kiliganda mdomoni, alipokivuta kikatoka na ngozi ya mdomo; tangu hapo hadi mwisho wa mchezo waamuzi wakachezesha kwa sauti zao. Zikiwa zimebaki sekunde 16, Packers wako nyuma 17 kwa 14, mpira uko karibu kabisa na mstari wa mwisho. Bart Starr, mrushaji wao, aliwaambia wenzake mpira utakwenda kwa Chuck Mercein. Kisha akabaki nao, akajitosa mwenyewe. Ikawa 21 kwa 17. Katika picha maarufu, Mercein ameinua mikono juu, na wengi hudhani anashangilia. Alikuwa akimwonyesha mwamuzi kwamba hakumsukuma Starr, kwani kusukuma kulikatazwa.

Je, wajua Don Hutson, mdakaji wa Packers, alistaafu mwaka 1945 akiwa amedaka pasi 99 za kufunga, na rekodi yake haikuvunjwa hadi 1989?

Kila kiangazi, wachezaji huenda mazoezini kwa baiskeli za watoto wa mji, mwenye baiskeli akikimbia pembeni amebeba kofia ngumu ya mchezaji.

Tiketi za msimu zimekuwa zikiisha zote tangu 1960, na foleni ya wanaozisubiri ina majina zaidi ya 140,000. Wapo wazazi wanaoandikisha watoto wachanga.

Je, wajua timu nyingine haziwezi kuiga mfumo huu? Sheria za NFL zinaukataza. Packers waliachwa kwa sababu waliutangulia. Na siku timu ikiuzwa, fedha zote zitakwenda kwenye mfuko wake wa hisani. Wenye hisa hawatapata hata senti moja.