Chakula cha Kupeleka Karamuni

Mama, siku ya karamu kila nyumba italeta chungu chake. Wewe utapika nini? Usitafute sifa tu. Jiulize kwanza: chakula hiki kitakaa muda gani kabla ya kuliwa? Maana hotuba huwa ndefu, na jua la Septemba ni kali.

Wali wa jana usiupeleke. Ukikaa vuguvugu, vijidudu hutia sumu ndani yake, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena.

Sombe yafaa zaidi. Chuma majani machanga asubuhi, uyatwange katika kinu mpaka yalainike kabisa. Hapa usifanye haraka, kwa maana majani ya muhogo yana sumu, na kutwanga ndiko kunakoifungua. Kisha yachemshe kwa maji mengi, sufuria bila kifuniko, sumu itoke pamoja na mvuke. Sombe iliyopikwa nusu ni mbaya, hata ikiwa na mawese mazuri juu. Mawese, vitunguu na karanga zilizotwangwa utie mwishoni.

Nawa mikono kwa sabuni. Mwenye jipu kidoleni asipike siku ile. Usaha wake waweza kutapisha karamu nzima. Sufuria iepuliwe saa ya kuondoka tu, ifunikwe vizuri, ifungwe kwa kitambaa kizito. Chakula kiliwe kabla ya saa mbili kupita. Kilichobaki kikishinda juani, usiwapelekee watoto nyumbani, kimwage.