Gari la mstaafu: bima ipi inamfaa?

Wiki hii, wasikilizaji, nina jambo na wazee wetu waliostaafu ambao bado wanashika usukani. Nilipita Mlowo kwa shughuli zangu, na kando ya ile barabara kuu iendayo Tunduma nikakutana na mwalimu mmoja mstaafu aliyenitambua kwa sauti kabla ya sura. Baada ya shikamoo na marahaba akanionyesha gari lake, Toyota iliyotunzwa vizuri, aliyoinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake.

"Bima inaisha mwisho wa mwezi," akasema. "Wakala ananiambia nikate bima kubwa. Jirani ananiambia nikate ndogo, kwamba trafiki hataki zaidi ya hapo. Na mpwa wangu aliyeko Uingereza ananitisha kuwa kwa umri wangu nitatozwa zaidi. Sasa mwanangu, nimsikilize nani?"

Tuanze na mpwa, maana hofu yake ndiyo nyepesi kuiondoa. Uingereza kampuni za bima hutazama sana umri wa dereva, na mtu akifikisha miaka 70 hulazimika kuihuisha leseni yake kila baada ya miaka mitatu. Huku kwetu viwango vya chini vinavyosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, hufuata gari: ni la aina gani, linafanya kazi gani, lina thamani gani. Mzee wa miaka 68 na kijana wa miaka 35 wenye magari binafsi yanayofanana huanzia mahali pamoja.

Mwalimu huyu ni wa kizazi kilichozoea bima moja. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, likataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na tangu hapo likawa peke yake sokoni mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Siku zile hapakuwa na kuchagua. Leo kampuni ni nyingi na mawakala wako kila mji, lakini kwa kuwa bei ya chini imewekwa, kuzunguka madirishani kutafuta bima ndogo ya bei poa ni kuchosha miguu. Kinachotofautiana ni namna kampuni inavyolipa mtu akipata ajali. Hilo huwezi kulisoma kwenye tangazo. Waulize wenye magari wa hapo hapo mjini: nani aliwahi kudai, alilipwa, na alingoja muda gani?

Sasa jirani. Ni kweli kwamba sheria inadai bima ya mtu wa tatu tu, hiyo tunayoiita ndogo. Mwaka 2024 kwa gari binafsi ilikuwa shilingi 118,000 kwa mwaka, kodi ikiwemo. Ukimgonga mpita njia, bima hiyo ndiyo itakayosimama kati yako na fidia. Gari lako mwenyewe haligusi. Ukipinduka peke yako, au bodaboda asiye na bima akikuparamia ubavuni, gharama ya fundi ni yako.

Bima kubwa hubeba na gari lako. Kiwango chake cha chini mwaka huo kilikuwa asilimia 3.5 ya thamani, na juu yake kodi ya asilimia 18. Kwa gari la shilingi milioni 10 ni 350,000, na kodi inaifanya 413,000. Tofauti yake na ndogo ni 295,000 kila mwaka, na kwa anayeishi kwa pensheni hiyo si fedha ya kuchezea. Swali la kujiuliza ni hili: gari hili likiteketea kesho, nitaweza kununua jingine, au nitaweza kuishi bila gari? Mwenye gari kuukuu la milioni tatu au nne, analokwenda nalo kanisani na shambani, mimi simlaumu akikata ndogo na tofauti akaiweka akiba. Lakini aliyezamisha sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kwenye gari, naye anapishana kila siku na malori ya Zambia na Kongo kwenye barabara ile, huyo akikata ndogo ameacha fedha ya maisha yake yote bila ulinzi. Katikati ipo ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Wengi hawaijui kwa sababu hawajawahi kuiulizia.

Ukichagua kubwa, tazama thamani iliyoandikwa. Wazee wengi huhuisha kwa bei ileile waliyonunulia gari miaka sita iliyopita. Gari lililoandikwa milioni 20 linalipiwa 826,000. Kama leo sokoni ni la milioni 12, ulipaswa kulipa 495,600, na likipotea utafidiwa kwa bei ya soko, si kwa ile ya kwenye karatasi. Kushusha mno nako ni hatari, maana kampuni inaweza kupunguza fidia kwa kiasi kilekile ulichoficha. Uliza pia fungu la kwanza la hasara utakalobeba mwenyewe, na kama kuna punguzo kwa aliyemaliza mwaka bila kudai.

Nilipofika hapo mwalimu akakohoa kidogo. Akaniambia kuwa asubuhi akienda Vwawa huwa hapendi viti vikae bure. Hupakia watu wawili watatu, nao humpa "cha mafuta".

Hapo ndipo penye shimo, wasikilizaji. Bima yake ni ya gari binafsi. Abiria akishatoa nauli, hata tukiipa jina zuri, gari limeingia kwenye biashara, na siku ya ajali kampuni ina haki ya kuuliza kazi iliyokuwa ikifanyika. Ikikataa, majeruhi watamfuata mwalimu mwenyewe, na watafuata nyumba yake. Hata abiria asiyelipa, usidhani yumo; muulize wakala akuonyeshe kwa maandishi. Mwenye kupakia akate bima ya biashara, au aache kupakia.

Ukweli huo huo unahusu fomu ya maombi. Ikiuliza kuhusu macho au kisukari, jibu sawasawa. Ikiuliza nani wengine wataendesha, mtaje kijana wako anayekuja likizo na kuchukua ufunguo mezani. Na leseni iliyokwisha muda inatosha kukukosesha fidia.

Wenye ndugu ng'ambo ya mpaka, pale Nakonde, wasivuke na stika ya Tanzania pekee. Ipo Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania imebaki nayo ingawa ilijitoa kwenye jumuiya hiyo mwaka 2000. Lakini kadi hiyo ni ya mtu wa tatu. Kama unataka na gari lako lilindwe ukiwa Zambia, omba nyongeza kabla ya safari.

Baada ya kulipa, dai risiti, kisha mwombe kijana mwenye simu aingize namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA. Utaona kampuni, aina ya bima na siku itakayoisha. Namba isipoonekana, rudi kwa wakala siku hiyo hiyo. Na kampuni ikikuzungusha baada ya ajali, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa sheria ya mwaka 2009.

Mwalimu alinisindikiza hadi kwenye basi. "Na nikiwapakia bure kabisa?" akauliza. Nikamwambia awaulize wenye bima kabla hajamfungulia mtu mlango.