Je, Wajua? Mlima, Saa ya Mkononi na Gemu

Kila mwaka, Februari inapoelekea Machi, Moshi huamka kabla ya jogoo. Wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon humiminika Uwanja wa Ushirika kungali na giza, na mikononi mwao huwaka saa ndogo zinazohesabu hatua, kilomita na mapigo ya moyo. Mbio hizo zilianza mwaka 2003. Tangu wakati huo mambo matatu yamezidi kukaribiana: mchezo, kifaa kinachovaliwa mwilini na maisha ya kila siku. Wapo wasanii walioyashona pamoja, na mlima wetu una nafasi yake katika kazi hiyo. Twende pole pole.

MLIMA UNAOCHORWA KWA MIGUU

Je, wajua kwamba mtu anayetembea na GPS anaweza kuwa mchoraji? Msanii Jeremy Wood alianza kazi hiyo mwaka 2000. Hutembea au kusafiri huku kifaa kikiandika njia yake, na mstari unaobaki kwenye ramani ndio mchoro. Basi kila anayetoka Lango la Marangu na saa ya namna hiyo, akapita kambi za Mandara, Horombo na Kibo, hushuka na mchoro wa miguu yake mwenyewe.

Je, wajua kwamba mchoro huo unaweza kutumwa nyumbani ungali mlimani? Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Desemba mwaka huohuo ikafika Kilele cha Uhuru. Wageni walifurahia picha, lakini faida kubwa ni ya waongoza watalii na wapagazi, wale wanaojiita wagumu: mtu akizidiwa, msaada huitwa mapema.

Je, wajua kwamba kimo cha mita 5,895 kilitokana na vipimo vya mwaka 1952? Mwaka 1999 wapimaji walipanda na vipokezi vya GPS, wakapata kama mita 5,892. Hata hivyo namba ya zamani ndiyo inayofundishwa shuleni na kusomeka kwenye ubao wa kileleni.

Je, wajua kwamba kilele kinaweza kutembelewa kwa kidole? Machi 2013 Google iliweka kwenye ramani zake picha za Kilimanjaro zinazozunguka pande zote. Wengi waliozaliwa chini ya mlima huu hawajawahi kufika juu. Mtoto wa Pasua au Njoro, mjini Moshi, mwenye simu sasa anaweza kuiona theluji ya kwao bila kuulizwa kiingilio.

Je, wajua kwamba Simon Mtuy, mwana wa Marangu, alipanda na kushuka mwaka 2006 kwa saa 9 na dakika 21, akijibebea mwenyewe chakula na maji? Mwaka 2014 Karl Egloff, mkimbiaji wa Ekuado na Uswisi, alikwenda na kurudi kwa saa 6 na dakika 42. Mtalii wa kawaida hutumia siku tano hadi nane.

Je, wajua kwamba tarehe 24 Juni 2017 wanawake wa mataifa mbalimbali walicheza soka ndani ya kreta ya Kibo, mita 5,714 juu? Walicheza dakika zote 90 juu ya majivu ya volkano, matokeo yakawa 0–0. Walipanda kudai nafasi sawa kwa wanawake michezoni, na hakuna aliyehitaji bao ili ujumbe huo ufike.

PUMZI, DAMU NA HATUA

Je, wajua asili ya kile kibano kinachobanwa kwenye kidole cha mpandaji jioni kambini? Hupitisha mwanga katika kidole na kusoma kiasi cha oksijeni katika damu. Mbinu yake ilibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kileleni mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo namba moja kwenye kioo kidogo inaweza kuamua nani aendelee na nani ateremshwe usiku huohuo.

Je, wajua kwamba pumzi inaweza kuwa usukani? Mwaka 1995 msanii wa Kanada, Char Davies, alionyesha mjini Montréal kazi iitwayo *Osmose*. Mgeni alivalishwa kofia yenye skrini mbele ya macho, na kifuani akafungwa kifaa cha kupima upumuaji wake. Akivuta pumzi, alipaa. Akiitoa, alishuka. Akiinamisha mwili, alisogea. Alipita msituni, akaingia ndani ya jani, akazama hadi kwenye mizizi, bila kubonyeza kitufe hata kimoja. Davies alikuwa mpiga mbizi, na ni majini alikojifunza kwamba pumzi humwinua na kumshusha mtu. Mwongoza watalii anayemwambia mgeni wake "pole pole, pumua kwanza" juu ya kambi ya Barafu anajua somo hilohilo, ingawa hakulipata kwenye jumba la sanaa.

Je, wajua kwamba zile hatua 10,000 ambazo saa nyingi hutudai kila siku zilianzia kwenye jina la bidhaa? Mwaka 1965 Wajapani waliuza kipimahatua kilichofungwa kiunoni, kikaitwa *manpo-kei*, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina lilipendeza, namba ikaenea duniani. Mama wa Kibosho anayeamka kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji na kuteremsha ndizi sokoni ametembea kwa miaka mingi bila chombo cha kumhesabia wala kumpa nishani. Msanii atakayeichora njia yake ya siku moja atakuwa amefanya kazi ya maana.

KOMPYUTA INAYOVALIWA

Je, wajua kwamba kompyuta ya kwanza ya kuvaliwa ilitengenezwa kwa ajili ya mchezo? Mwaka 1961 wanahisabati wawili wa Marekani, Edward Thorp na Claude Shannon, waliunda chombo cha ukubwa wa pakiti ya sigara ili kubashiri mpira wa ruleti ungetua wapi. Swichi ilifichwa kiatuni, ikabonyezwa kwa kidole cha mguu, na jibu likaja sikioni kama mlio. Waliijaribu Las Vegas. Hesabu ilifanya kazi. Kilichowasumbua ni nyaya nyembamba za sikioni zilizokuwa zikikatika.

Je, wajua kwamba watu wamewahi kumcheza Pac-Man kwa miguu? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walimtoa mhusika huyo wa gemu ya mwaka 1980 kwenye skrini. Mchezaji alibeba kompyuta mgongoni, akavaa kioo machoni, akakimbia kwenye njia halisi akiokota vidonge ambavyo mpita njia hakuviona.

Je, wajua kuhusu picha za mahali patupu? Mwaka 2001 kundi la wasanii wa Uingereza, Blast Theory, lilianzisha mjini Sheffield mchezo uitwao *Can You See Me Now?* Wachezaji walikaa kwenye kompyuta zao popote duniani na kukimbia katika ramani ya mji. Wasanii wenye GPS waliwakimbiza katika mitaa yenyewe, wakihema. Mkimbiaji alipomkaribia windo lake, alipiga picha ya pale aliposimama mtu asiyekuwepo: ukuta, tope, ukingo wa barabara. Mwaka 2003 kazi hiyo ilipata tuzo kuu ya tamasha la Ars Electronica nchini Austria.

Je, wajua kwamba *Pokémon Go*, gemu iliyowatoa watu ndani ya nyumba Julai 2016, ni ndugu wa ramani tunazotumia simuni? John Hanke, mwanzilishi wa kampuni ya Niantic iliyoitengeneza, aliwahi kuiongoza Keyhole, kampuni ambayo programu yake iligeuka Google Earth.

Je, wajua kwamba umeme unaweza kushonwa? Mwaka 2007 ilianza kuuzwa LilyPad Arduino, kompyuta ndogo ya duara iliyobuniwa na Leah Buechley wa Marekani. Hushikizwa kwenye nguo kwa uzi unaopitisha umeme, kisha nguo huwaka taa au kuhisi mguso. Fundi cherehani wa barazani Moshi, anayepima kwa jicho na kukata bila kukosea, ana nusu ya ujuzi huo tayari.

KABLA YA BETRI

Je, wajua kwamba Waswahili walivaa ujumbe mwilini kabla ya simu kujua kuandika? Kanga ina pindo, mji na jina, na jina, yaani maandishi yake, ndilo linalosema. Mwenye kanga humjibu jirani, humwonya mume au hushukuru, bila kufungua kinywa.

Je, wajua kwamba Wachagga walihifadhi mafunzo kwenye kijiti? Kiliitwa mregho. Kilichongwa alama, na mwalimu wa vijana alizifuata moja baada ya nyingine, kila alama ikimkumbusha funzo lake. Kumbukumbu iliyobebwa mkononi, wala haikuhitaji chaji.

Je, wajua kwamba bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kwamba wapo mabingwa wanaoweza kulicheza bila kutazama ubao? Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliwasoma mabingwa wa Zanzibar, akaandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995. Namua na mtaji, hatua mbili za mchezo huo, zote zilikuwa vichwani mwao.

MAJIRANI WALIOTHUBUTU

Je, wajua kwamba msanii Cyrus Kabiru wa Nairobi huokota mabaki ya vifaa vya umeme, nyaya na vyuma, na kuyafanya miwani ya kuvaa? Utotoni alitamani miwani, baba yake akamwambia ajitengenezee. Miwani hiyo, aliyoipa jina la C-Stunners, imeonyeshwa katika kumbi za sanaa za mabara kadhaa.

Je, wajua kwamba mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa *The Adventures of Nyangi*, gemu ambayo shujaa wake ni msichana anayetafuta vitu vya kale vya Afrika? Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts, studio inayotengeneza gemu na katuni za mashujaa wa Kiafrika.

Je, wajua kwamba Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifunza kuunda gemu kwa kompyuta ambayo mama yake aliidundulizia kwa miaka mitatu? Alitembea saa nyingi kwenda kuichaji. Aliibuni *Salaam*, gemu ambayo mchezaji humsaidia mkimbizi kukimbia hatari, kwa nia kwamba chakula na maji yanayonunuliwa ndani ya mchezo yawafikie wakimbizi wa kweli.

Je, wajua kwamba Mkoa wa Tanga uliwahi kuwa uwanja wa shindano la dunia? Kati ya 2017 na 2019, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 walipewa kompyuta za kibao zilizochajiwa kwa jua, zenye michezo ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana ushindi wa Global Learning XPRIZE. Watoto wengi walianza wakiwa hawajui kusoma neno.

NENO KWA MSOMAJI

Ukiyaangalia haya yote, utaona kwamba hakuna aliyeanza na kitu kikubwa. Kabiru alianza na taka, Davies na pumzi, Wood na matembezi, Mayen na kompyuta moja ya mkononi. Kijana wa Moshi anayeshinda kwenye kibanda cha gemu ana vidole vyepesi na akili inayochemka, lakini viwanja anavyovikimbilia kwenye skrini ni vya Ulaya. Mfongo, mfereji unaoteremsha maji kwenye shamba la kihamba, safari ya mgumu mwenye mzigo kichwani, jani la isale linalopelekwa kuomba msamaha: hayo yote yana kanuni, hatari, zawadi na mwisho. Yanatosha kuwa mchezo.

Kwa hiyo fanya jambo moja wiki hii. Mwendee bibi au babu, mpe shikamoo, keti, umwombe akufundishe mchezo mmoja aliocheza utotoni. Uliza kanuni zake mpaka uzielewe, kisha uziandike. Siku kijana wa Machame au Rombo atakapoketi kuunda gemu ya mlima huu, kanuni hizo ndizo atakazozihitaji kwanza.