Rubani astaafu, mngurumo wabaki masikioni

Mzee aliingia chumbani mwangu amenyooka kana kwamba yuko gwarideni. Kwa miaka mingi alikuwa rubani wa helikopta ya polisi, akirukia uwanja wa Wilson, Nairobi. Alikuwa amestaafu miezi minne tu. Aliyemleta ni mkewe.

“Daktari, tangu arudi nyumbani hataki kuongea nasi,” mama alilalamika. “Mjukuu akimwita, kimya. Na televisheni anaipaza mpaka majirani wanagonga ukuta.”

Mzee naye alidai kwamba jamaa zake hunong’ona.

Vipimo vilionyesha kuwa hapakuwa na kiburi wala minong’ono. Alikuwa hasikii vyema sauti nyembamba, kama za watoto. Alikiri kwamba masikio yalianza kuvuma usiku miaka mingi iliyopita, lakini akanyamaza kwa kuogopa kuzuiwa kuruka.

Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Kelele nyingi huviua, na vikishakufa havioti tena. Wataalamu wengi hukubali desibeli 85 kwa saa 8 kuwa ndio mpaka. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango ambacho helikopta yaweza kufikia, mtu asiye na kinga ana dakika 15 tu. Kofia ya rubani husaidia, ila redio iliyo ndani yake nayo hupazwa ili ishinde injini.

Msomaji, usidhani haya ni ya marubani pekee. Fundi wa jua kali pale Kamukunji na makanga wa matatu yenye muziki mkubwa wamo hatarini pia. Ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye hatua moja kutoka kwako akusikie, jua kelele imezidi. Vaa kinga ya masikio, na umdai mwajiri wako. Kanuni za mwaka 2005 zinamtaka akukinge. Masikio yakivuma baada ya kazi, nenda ukapimwe mapema.

Mzee hatapona, lakini alipewa vifaa vya kusaidia kusikia. Aliporudi baada ya wiki tatu alikuwa na lalamiko jipya.

“Daktari,” alisema akicheka, “kumbe mjukuu wangu ana maneno mengi hivi!”