Akiba ya Bia Nyumbani: Kila Chupa na Umri Wake

Mwandishi wa safu hii anaanza kwa kuungama. Miaka mingi iliyopita alirejea Ukerewe kutoka masomoni Ubelgiji akiwa na chupa 12 za bia, alizozivingirisha katika nguo kama mayai. Hakuzileta azinywe. Wenyeji wa kule walimwambia kwamba baadhi ya bia zao, zikiwekwa vizuri, huzidi kuwa njema kadiri miaka inavyopita. Naye akaazimia kuziweka hadi siku ambayo kifungua mimba wake angemaliza chuo. Akazipanga juu ya kabati, chini ya paa la bati, akatulia.

Siku ilipowadia wazee walikaa, bilauri zikaletwa, chupa zikafunguliwa. Tisa zilikuwa na ladha ya karatasi iliyoloa maji. Wageni walikunywa kwa adabu, wala hakuna aliyeomba kuongezewa. Tatu tu ndizo zilizonusurika, na hazikunusurika kwa elimu ya mwenye nyumba. Mama watoto alikuwa amezishusha zamani, akaziweka sakafuni nyuma ya mtungi wa maji, ili apate nafasi ya sanduku lake.

Tangu siku hiyo tumejifunza, na leo twapenda kuwagawia wasomaji wetu wa visiwani tuliyojifunza. Bia za mafundi, yaani zile zinazopikwa katika viwanda vidogo kwa mapishi ya namna nyingi, siku hizi zapatikana katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, na vijana wetu wanaosafiri hurudi nazo. Ndugu ambao dini au afya imewakataza kileo hatuwaiti mezani. Hata hivyo huenda wakaona kwamba suala hili lahusu subira na utunzaji kuliko ulevi.

Jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba bia nyingi hazifai kuwekwa kabisa. Laga ya kawaida hutoka kiwandani ikiwa imekwisha kukomaa, na kila mwezi upitao huipunguzia ubora. Bia chungu zinazosifiwa kwa harufu ya maua ya hopsi ndizo dhaifu zaidi, kwa kuwa harufu ile hupotea katika miezi michache. Anayeziweka miaka mitano hutunza chupa, si kilichomo.

Zinazostahimili ni chache. Ni zile kali, zenye kileo cha asilimia 8 na zaidi, zile nyeusi za kimea kilichokaangwa, zile chachu, na hasa zile zilizotiwa chupani hamira ikiwa ingali hai, kwa maana hamira hiyo huinywa hewa iliyobaki na kuendelea na kazi taratibu. Watawa wa Rochefort, nchini Ubelgiji, hutengeneza bia yenye kileo cha asilimia 11.3; wenzao wa Chimay wanayo moja ya asilimia 9 ambayo huandikwa mwaka wake katika karatasi ya chupa. Huko Orval, ambako kiwanda cha bia kilianzishwa mwaka 1931, hutiwa hamira ya mwituni wakati wa kujaza chupa, hata bia ya miezi miwili na ile ya mwaka mmoja zikawa kama ndugu wasiofanana. Karibu na mji wa Brussels hupikwa lambiki, bia isiyotiwa hamira na mtu: huachwa wazi usiku wa baridi ili viumbe vya hewani viingie vyenyewe, kisha hulazwa katika mapipa ya mbao hata miaka mitatu. Chupa za mchanganyiko wake huweza kukaa miaka 20. Nako Dorchester, Uingereza, mwaka 1968 ilipikwa bia ya kumkumbuka mwandishi Thomas Hardy, miaka 40 baada ya kifo chake, na waliopika waliikusudia idumu miaka 25.

Jambo la pili ni kuwajua maadui. Bia wanao watatu: joto, mwanga na hewa. Joto huharakisha mabadiliko yote, mema na mabaya, na mabaya ndiyo yatanguliayo. Mwanga wa jua huivunja hopsi na kuzaa harufu mithili ya kicheche. Chupa za rangi ya kahawia huikinga bia vizuri, zile za kijani na nyeupe haziikingi. Hewa ndiyo iletayo ile ladha ya karatasi. Ajabu ni kwamba hewa hiyohiyo, ikiingia kidogo kidogo katika bia nyeusi yenye nguvu, huipa ladha ya tende na zabibu kavu. Kwa ajili hiyo bia husimamishwa wima, wala hailazwi kama divai: eneo la bia linaloguswa na hewa huwa dogo, na mashapo ya hamira hutua chini.

Jambo la tatu ndilo lituhusulo sana sisi watu wa visiwa. Wataalamu hushauri nyuzijoto 10 hadi 13, zisizopanda wala kushuka. Mbelgiji huzipata bure, kwani ardhi ya nchi yake ni ya baridi, na chumba alichochimba chini ya nyumba hufuata tabia ya ardhi. Ardhi yetu haiko hivyo. Hapa Ziwani, hata tukichimba, tutakuta nyuzijoto ishirini na kitu. Shimo litatupa utulivu, halitatupa baridi. Basi anayejenga ghala ya chini kwa kuiga picha za Ulaya atapoteza saruji yake, na karibu na ufuko atakaribisha maji.

Ghala ya mtu wa kisiwani ni jokofu kuukuu lililopunguzwa nguvu, lisilo na kazi nyingine. Likijaa chupa, hutunza ubaridi kwa saa kadhaa umeme ukatikapo. Asiye na jokofu na aweke chupa chache sakafuni, katika chumba cha ndani cha giza, mbali na bati na jiko, wala asizidishe mwaka mmoja au miwili. Anunue chupa tatu au nne za aina moja, aandike tarehe, afungue moja kila mwaka na kulinganisha. Bia iliyofikia ubora wake inywewe; kuingoja tena ni choyo. Wala mtu asihofu kwamba akiba hiyo itamfanya mlevi. Mlevi hana akiba.

Hapa yatupasa tuseme neno kwa heshima ya pombe zetu. Lubisi ya Wahaya, mbege ya Wachagga na pombe ya mtama havidumu zaidi ya siku chache, kwa kuwa vingali vinachachuka vinapomiminwa. Huo si upungufu. Vilikusudiwa kunywewa na watu waliokusanyika siku ile, na thamani yake i katika kukusanyika huko. Kila kinywaji na umri wake, na bibi zetu walioujua umri huo kwa kunusa tu walikuwa mafundi.

Mwisho tunawageukia wakuu wanaohusika. Kreti za bia na soda ziendazo visiwani zisiachwe gatini juani kutwa nzima. Turubai moja ingeokoa fedha za wananchi wengi. Maofisa wa afya na biashara wasome tarehe za mwisho katika maduka ya mbali kama wazisomavyo mjini. Nao watunga sheria wakumbuke kwamba Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia ya matumizi ya nyumbani mwaka 1963, na Marekani ikaruhusu upishi huo kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 1978. Wakati ule Marekani ilikuwa na kampuni za bia zisizotimia 100. Leo viwanda vyake vimepita 9,000, na wengi wa waanzilishi walijifunzia jikoni kwao. Hatutetei gongo wala mitambo ya vichakani, ambayo imekwisha kuua watu. Twasema tu kwamba ufundi wa halali, ukikaguliwa na kuelekezwa, huzaa kazi.

Ama mwandishi wa safu hii, ameweka tena chupa sita kwa ajili ya kitinda mimba wake, aliye kidato cha tatu. Zimesimama wima sakafuni, katika jokofu kuukuu, nyuma ya mtungi wa maji. Ufunguo wa chumba anao mama watoto.