"Kelele" Si Maelezo: Kuitambua Milio ya Injini ya Gari Kuukuu

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza jinsi dereva wa gari kuukuu anavyoweza kuutambua mlio mgeni wa injini kabla ya kumwendea fundi. Yamkini msomaji atajiuliza mada hii inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jawabu ni kwamba fundi huanza kazi yake kwa maneno ya mwenye gari. Maneno hayo yakikosa uwazi, matengenezo nayo hupotea njia.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hayo kwa gharama. Gari la babake lilipoanza kulia, alimwambia fundi, "Injini ina kelele." Fundi aliisikiliza asubuhi, injini ikiwa baridi, akadhani ni tapeti, akazirekebisha. Ukweli ni kwamba mlio ule ulizidi baada ya gari kwenda kilomita kadhaa. Mwandishi alilijua jambo hilo, ila hakuulizwa wala hakulisema. Siku ya tatu, katika mpando wa kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, konrodi ilivunjika na kutoboa ubavu wa injini.

Maswali Manne

Kabla ya lolote, injini izimwe, gari lisimame mahali tambarare, na oili ipimwe. Milio mingi ya chuma kugonga chuma hutokana na uhaba wa oili au oili iliyochakaa. Baada ya hapo, dereva ajiulize maswali manne. Mlio unatoka wapi: juu ya injini, chini, au mbele kwenye mikanda? Unasikika lini: injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Unafuata nini: kasi ya injini au mwendo wa magurudumu? Ukisikika hata gari likiwa limesimama na kubadilika injini inapoongezwa kasi, asili yake ni injini. La mwisho, unafanana na nini?

Swali hili la mwisho ndilo letu hasa. Tangu shule ya msingi tumefunzwa kutofautisha mrindimo wa ngoma, mchakarisho wa majani makavu na mvumo wa upepo. Ajabu ni kuwa tukifika gereji, utajiri huo wote hugeuka neno moja: kelele.

Milio na Maana Zake

Mlio mwepesi na wa haraka, ti-ti-ti, kama wa cherehani, unaotoka juu ya injini, aghalabu ni wa tapeti na valvu. Kamshafti huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Kwa hivyo, injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 400. Hata hivyo, gasketi ya ekzosi inayovujisha moshi karibu na injini huweza kutoa mlio unaofanana na huu.

Mlio mzito, ndu-ndu-ndu, kama wa mchi kinuni, unaotoka chini, una uwezekano wa namna mbili. Ukiwa mkubwa injini ikiwa baridi na kufifia ikipata moto, huenda ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda; joto huitanua pistoni na kuipunguza nafasi hiyo. Ukizidi injini inapopata moto na inapobeba mzigo, hiyo ni dalili ya beringi za konrodi zilizolika, kwani oili ya moto huwa nyepesi na haizibi tena pengo. Fundi huthibitisha kwa kuondoa umeme kwenye plagi moja baada ya nyingine. Mlio ukipungua, ameipata silinda yenye kasoro. Wakati wa mlio, basi, ndio unaotenganisha kasoro inayoweza kuvumiliwa kwa muda na ile inayoua injini.

Mlio kama wa kokoto zinazotikiswa mkebeni, unaosikika gari likipanda mlima, hutokana na petroli kujiwasha ovyo ndani ya silinda. Huenda petroli yenyewe ni duni au cheche inatoka mapema mno.

Kiyowe chembamba cha asubuhi, hasa penye unyevu, kwa kawaida ni cha mkanda uliolegea au kuchakaa. Mngurumo wa mfululizo upande huohuo ni wa beringi, pengine za pampu ya maji au za alteneta. Ili kuzitofautisha, fundi huegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifaa na mpini wake sikioni. Ni mantiki ileile ya daktari Mfaransa René Laennec, ambaye mwaka wa 1816 alikunja karatasi ili asikilize kifua cha mgonjwa, na hivyo kuvumbua chombo wanachotumia madaktari hadi leo. Anayejaribu njia hii ajihadhari na feni na mikanda. Tai na mikono mirefu ya shati ni hatari.

Hitimisho

Waama, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Mlio mzito unaozidi kwa joto, au taa ya oili inayowaka, ni amri ya kuzima injini papo hapo na kulivuta gari hadi kwa fundi. Kwa milio mingine, dereva aandike maelezo yake mapema: "Ni ndu-ndu-ndu, chini, baada ya kilomita kumi, hasa mpandoni." Iwapo mlio haupo wakati wa kufika gereji, amwombe fundi wazunguke pamoja garini hadi usikike. Mwandishi angalisema hayo siku ile, fundi angalifungua injini kutoka chini, na huenda beringi mpya zingalitosha.