Matata Amefika: Jina Lisilo la Kawaida katika Kiswahili cha Maniema

Katika komini ya Alunguli, kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba mjini Kindu, kama katika Maniema kwa jumla, hupatikana watu waitwao Matata, Shida, Mateso au Tabu. Kwa mgeni, majina haya ni ya ajabu. Hata mwenye jina aweza kulionea haya utotoni, mwalimu anapoliita darasani na wenzake wakacheka. Hata hivyo, baadhi yao huja kulithamini ukubwani. Makala haya yanaeleza misingi ya badiliko hilo.

Kwanza, jina la aina hii halielezi tabia ya mtoto. Ni kauli ya wazazi juu ya wakati alipozaliwa: msiba, njaa, au ugomvi wa ukoo. Mtoto ni ushahidi kwamba shida ile haikuwamaliza. Aliyedhani ametukanwa hutambua kwamba amekabidhiwa kumbukumbu.

Pili, sarufi yenyewe yathibitisha jambo hilo. Nomino "matata" huleta upatanisho wa ngeli yake: "matata yamefika". Ikiwa jina la mtu, husemwa: "Matata amefika". Vivyo hivyo, "shida zimekwisha" ni habari moja, na "Shida amerudi" ni nyingine kabisa. Neno linapopewa mtu huiacha ngeli yake na kuingia katika ngeli ya watu. Utu hutangulia maana ya kamusi.

Tatu, historia imeyapa majina ya wenyeji hadhi rasmi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo. Joseph-Désiré mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Joseph Malula, aliyepinga siasa hiyo, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Baada ya 1990 majina ya ubatizo yalirudi, lakini yale mengine hayakuondoka. Wakongo wengi leo hubeba yote mawili. Augustin Matata Ponyo, mzaliwa wa Kindu na waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2016, alijulikana nchini kote kwa jina la Matata.

Linabaki swali la sheria. Kanuni ya Familia ya 1987 ilitaka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa nchi, tena ikakataza jina la kutukana au kudhalilisha. Je, karani amkatalie mzazi jina la Mateso? Katazo hilo ni kinga njema kwa mtoto. Lakini anayelipima jina kwa kamusi peke yake aweza kufuta historia ya ukoo mzima kwa kalamu moja. Yafaa aulize kwanza jina limetoka wapi.

Wajibu mkubwa, hata hivyo, ni wa wazazi. Mtoto asiyesimuliwa habari ya jina lake hubaki na maana ya kamusi tu, na hiyo ndiyo imchomayo wenzake wanapocheka. Aliyesimuliwa ana la kuwajibu.